Bitana

Harufu ya moto haikutoka kwenye ngazi hata baada ya wanawake wa jengo kumwaga maji ya siki na sabuni kutoka ghorofa ya juu mpaka mlango wa chini. Iliingia kwenye makoti na kwenye nywele, na Nevyana aliapa kwamba aliisikia hata kwenye mkate. Kila aliyepanda ngazi alitupa jicho kuelekea ghorofa ya nne, akataja jina la Bibi Rayna kwa sauti ya kumhurumia na kumlaumu kwa pamoja.

Nevyana naye alipanda, mikononi ameshika sufuria ya supu ya maharagwe aliyoizungushia taulo. Alikaa ghorofa ya pili na mumewe Tihomir na binti yao Gergana, na tangu wahamie jengo lile hapo mjini Lovech, Bibi Rayna alikuwa kwao kama mama mkwe asiye na maneno. Sasa alimkuta bibi jikoni, ameketi kwenye kochi dogo, mikono yote miwili imefungwa bendeji hadi vifundoni. Chumba cha kulala kilikuwa cheusi kuanzia dari hadi sakafu. Wazimamoto walisema moto ulianzia kwenye taa ya kando ya kitanda, iliyoachwa ikiwaka bibi akiwa amesinzia. Walisema pia kwamba kama bibi asingeling'oa lile dude linalowaka kwa mikono yake na kulitupa bafuni, jengo zima lingekuwa linazungumza mambo mengine.

Nevyana alivuta kigoda, akaanza kumlisha kwa kijiko.

"Mwanangu," Bibi Rayna alisema baada ya kumeza mara kadhaa, "kuna kitu nataka unikumbushe. Siku uliyoniletea ile kofia ya taa nilikuuliza kama naweza kuwasha balbu zangu za zamani, zile kubwa. Ukaniambia naweza. Au nimeota?"

Hakuwa ameota. Nevyana alishona kofia za taa nyumbani kwake, kwenye roshani aliyoiziba kwa vioo: fremu ya waya, kitambaa juu, na ndani yake bitana ngumu ya kuzuia joto. Ya Bibi Rayna aliishona kwa kitani cha bibi mwenyewe, alichofumiwa na mama yake kwa ajili ya sanduku la harusi. Na bibi, kwa vile macho yake yalikuwa yamefifia, alikuwa na akiba ya balbu za zamani chini ya kitanda, alizozinunua kwa wingi aliposikia kwamba zinaondolewa madukani. Balbu zile huwa moto kama chuma cha pasi. Nevyana aliipima nafasi kati ya balbu na kitambaa kwa kiganja chake, akaona inatosha, akasema, "Washa upendavyo, bibi. Kitani hiki na bitana hii vinavumilia." Aliyasema kwa fahari, kwani ndiyo maneno aliyowaambia wateja wake wote.

Sasa macho yake yalikwenda dirishani. Wazimamoto walikuwa wameiweka pale ile fremu ya waya, imepinda. Kwenye pete yake ya juu yalining'inia matone meusi yanayong'aa, kama nta iliyoganda. Nevyana aliyatazama, na kijiko kikasimama njiani. Bitana yake haikuwa na tabia ya kutona. Ikizidiwa na joto hubadilika rangi, hujikunja, hunuka, halafu basi. Aliijua kama anavyojua unga wake wa mikate.

"Labda ulisikia vibaya, bibi," alisema. "Mimi huwaambia watu wote watumie balbu ndogo."

Bibi Rayna aliinamisha kichwa polepole, kama mtoto aliyesahihishwa hesabu. "Basi ndiyo hivyo. Valentin ananiambia kwenye simu kwamba nimeanza kupotea. Mimi nabisha tu."

Akafungua mdomo kusubiri kijiko kingine.

Nevyana aliporudi nyumbani alikwenda moja kwa moja roshanini. Alikata kipande cha bitana kwenye roli lililoegemea ukuta, akachukua kipande cha mshumaa wa kanisani na koleo la kutolea mayai, akasimama mbele ya sinki. Kipande kilishika moto kabla hajakisogeza vizuri. Kiliungua kwa mwali wa manjano, kikatoa moshi mweusi, na matone yakaanza kudondoka yakiwa yanawaka bado, yakichirizika na kulia juu ya bati la sinki. Akakiondoa kwenye mshumaa. Hakikuzimika. Kiliendelea kuwaka peke yake hadi akafungua bomba.

Miaka yote alijifunza kazi hii kwa macho na pua. Alijua kwamba hariri hupendeza lakini hufifia juani, kwamba karatasi inataka balbu baridi na nafasi pana, kwamba kioo na bati havina neno ila vinataka waya imara wa kuvibeba, na kwamba pamba na kitani vinaweza kukaa karibu na joto maisha yote ya mtu, mradi vilale juu ya bitana ya kweli. Kitambaa mtu hukichagua kwa macho. Bitana ndiyo inayolinda nyumba, na hakuna mteja anayeiona.

Tihomir aliingia akiwa na mfuko wa viazi. Aliona mshumaa, akaona sinki, akauweka mfuko chini.

"Hii si bitana tunayonunua mjini Plovdiv," Nevyana alisema.

"Hapana."

"Tangu lini?"

Alijibu akitazama viazi. Tangu kiangazi. Bitana ya Plovdiv ilikuwa imekwisha, oda zinangoja, na gari lilikuwa limeharibika. Kwenye duka la jumla la vifaa vya shule, pale nyuma ya soko, aliona roli la plastiki ya kujalidia vitabu, rangi ileile, ugumu uleule, gundi upande mmoja. Alimuuliza muuzaji kama inavumilia joto. Muuzaji akamuuliza ni kitabu gani hicho kinachosomewa jikoni, wakacheka. Alinunua kwa mara ile tu. Halafu akanunua tena.

"Ungeniambia," Nevyana alisema. "Ningengoja. Wateja wangengoja."

"Si hivyo."

"Basi vipi?"

Tihomir aliketi kwenye ngazi ya mlango wa roshani. Alikuwa mtu mkubwa, na kiwanda kilipompunguza alibaki na mwili usiojua pa kukaa. "Zile pesa za vibarua," alisema. "Nilizokuwa nakuletea Ijumaa."

Nevyana alimtazama. Aliyakumbuka majioni yale ya Ijumaa, mumewe akirudi amejipaka vumbi, akiziweka noti mezani karibu na chumvi, na yeye akimpashia maji ya kuoga na kumpakulia nyama kubwa.

"Hapakuwa na kibarua," Tihomir alisema. "Ilikuwa tofauti ya bei. Ulikuwa unanipa pesa ya Plovdiv, nanunua nyuma ya soko, inayobaki nakurudishia kama mshahara. Nilikaa mtoni siku nzima nikingoja saa ya kurudi."

Hakulia, wala Nevyana hakumpigia kelele. Ingekuwa afadhali. Alifunga bomba, akaokota matone yaliyoganda kwa ukucha, moja moja, akajua kwamba chochote atakachomwambia mumewe kuhusu uongo, yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kusema wa kwake kule juu, na alikuwa ameusema haraka zaidi.

Jioni ile msimamizi wa jengo, Bwana Genadi, aliwaita wakazi kwenye ukumbi wa chini, penye masanduku ya barua. Valentin, mtoto wa pekee wa Bibi Rayna, alikuwa amefika kutoka Sofia. Alisimama na koti lake zuri mbele ya watu waliomjua akiwa na makamasi, akapokea lawama zao kwa kuinamisha kichwa. Walimwambia kwamba kuna watoto humu ndani, na mitungi ya gesi. Walimwambia kwamba wanampenda mama yake, lakini kumpenda mtu si kuungua naye. Mmoja alimuuliza kama kule Sofia hakuna simu.

Valentin alisema ameshapata nafasi kwenye nyumba ya wazee, pazuri, pana bustani. Angemchukua Jumamosi.

"Mwenyewe hataki," alisema. "Anadai hakukosea, anadai aliambiwa anaweza kutumia zile balbu. Nimemwambia, mama, akili yako inakuchezea. Dada Nevyana, wewe si umemweleza mwenyewe kwamba hukumwambia hivyo?"

Watu wote walimgeukia. Gergana alikuwa kando yake. Tihomir alikuwa nyuma karibu na mlango wa lifti.

"Nilimweleza," Nevyana alisema.

Halikuwa neno la uongo, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Valentin alimshukuru. Akauliza nani atamsaidia kushusha vitu siku ya Jumamosi, kwani lifti ilikuwa mbovu, na Tihomir akasema kutoka kule nyuma kwamba atashusha yeye, na hataki malipo.

Walikubaliana, mke na mume, juu ya njia ya kati. Kofia zote zilizoshonwa tangu kiangazi zilikuwa kwenye nyumba za watu, juu ya vitanda, juu ya meza za kulia, na haikuwezekana kulala zikiwa huko. Wangezikusanya na kurudisha nyingine zenye bitana halisi. Wangewaambia wateja kwamba ni zawadi: bitana mpya imetoka, bora zaidi, na fundi hapendi mteja wake abaki na ya zamani. Pesa ya kununua roli la Plovdiv waliitoa kwenye akiba ya gauni la Gergana la sherehe ya kumaliza shule.

Gergana hakuuliza habari za gauni. Aliuliza kwa nini aambiwe kufuta maneno mawili kwenye ukurasa wa biashara anaousimamia kwa simu yake, yale ya "haishiki moto." Mama yake alisema ni kanuni mpya. Binti alimtazama mama, akamtazama baba, akaenda roshanini na kulitazama roli kuukuu lililofungwa kamba tayari kutupwa.

"Maneno yale niliyaandika mimi," alisema aliporudi. "Watu walinunua kwa maneno yangu." Akafuta. Hakula nao usiku ule, wala siku iliyofuata.

Kofia za kwanza zilipokwisha kushonwa, walianza mzunguko asubuhi, Tihomir akiendesha, Nevyana akigonga milango. Ilikuwa kazi rahisi kuliko walivyotarajia, na urahisi wake ndio uliomchoma Nevyana. Watu walifurahi. Walimkaribisha kahawa. Mama mmoja kijana aliishusha kofia kutoka chumba cha mwanawe, ya pamba yenye picha za ndege, na Nevyana alipoigeuza aliona ndani yake doa la kahawia, la mviringo, juu kidogo ya mahali pa balbu, na bitana pale imelainika kama ganda la jibini. Mama yule alisema alidhani ni vumbi, amelisugua mara nyingi halitoki. Mtoto huwa anaogopa giza, kwa hiyo taa hukaa ikiwaka mpaka asubuhi. Nevyana alisema kwamba ndiyo, vumbi huwa hivyo. Garini alimwambia Tihomir asimame, akafungua mlango, akakaa miguu yake ikiwa nje kwenye theluji chafu mpaka alipoweza kupumua.

Kwa Mwalimu Zlatka, aliyewahi kumfundisha Gergana, mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa wema wake. Mwalimu aliipokea kofia yake mpya kwa mikono miwili. Alisema siku hizi fundi akishapata pesa yako hakujui hata mkikutana kanisani, na hawa wamerudi kwa miguu yao wenyewe. Akamwita mumewe aje kuona watu waaminifu wanavyofanana. Akawapa gudulia la jamu ya plamu.

"Usikatae, mwanangu," alisema. "Uaminifu nao una njaa."

Tihomir alilibeba gudulia lile magotini muda wote wa safari, akiendesha kwa mkono mmoja, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu.

Jumamosi ilikuja na ukungu. Tangu asubuhi Tihomir alipanda na kushuka: sanduku la nguo, redio, sanamu ya Mtakatifu Nikola iliyofungwa kwenye shuka, mito. Majirani walisimama kwenye milango yao, wengine na vikombe vya kahawa, wakimpa pole Valentin kila alipopita. Nevyana alijifungia roshanini. Alikuwa ameamua kutotoka mpaka gari liondoke, na alikuwa ameiambia nafsi yake kwamba nyumba yenye bustani si kaburi, kwamba bibi atapikiwa na kuogeshwa, kwamba hata kama si moto huu ungekuwa mwingine. Maneno haya aliyapanga vizuri, na kila alipoyamaliza aliyaanza upya.

Mlango wake uligongwa kwa kiwiko.

Alikuwa Bibi Rayna, amevaa koti lake la kanisani, kichwani kitambaa cha sufu, mikono yenye bendeji ameikunja kifuani. Nyuma yake alisimama Valentin na mkoba wa mama yake, akitazama saa.

"Sikutaka kuondoka bila kukuomba radhi," bibi alisema.

"Mimi? Kwa nini mimi, bibi?"

"Nimekuharibia jina. Mtu akisikia kofia ya Nevyana imeunguza nyumba ataogopa kununua. Mwambie ukweli. Mwambie haikuwa kazi yako, ni kichwa cha bibi kizee asiyesikia anachoambiwa." Alijaribu kucheka. "Na uliishona vizuri. Mama yangu angeipenda."

Nevyana alishika kizingiti. Kwenye ngazi kulikuwa na mke wa Genadi, na wapangaji wa ghorofa ya tatu, na Tihomir alikuwa anashuka na kiti cha kuegemea kichwani, miguu yake ikitafuta kila ngazi. Nevyana angeweza kumkumbatia bibi tu. Kukumbatiana kungetosha, kila mtu angeelewa, gari lingeondoka.

"Ulisikia vizuri," alisema.

"Nini, mwanangu?"

"Nilikwambia washa upendavyo. Nilikwambia inavumilia. Ulisikia vizuri, bibi, na umekumbuka vizuri. Bitana ilikuwa mbaya. Ilikuwa plastiki ya vitabu. Hata ungewasha balbu gani, siku moja ingeungua."

Tihomir alikiteremsha kiti taratibu kwenye kituo cha ngazi, akasimama mbele yake kama anayekificha.

"Niliinunua mimi," alisema. "Yeye hakuwa anajua. Nilimdanganya kama nilivyowadanganya nyinyi wote. Moto ule ni wangu."

Valentin aliiva uso kwa hasira. Alianza kusema mambo ya polisi, ya fidia, ya watu wanaosimama kwenye mkutano na kumwacha mtu amtukane mama yake mzazi, na alikuwa na haki ya yote hayo, lakini Bibi Rayna alimgusa mkono kwa bendeji yake, akanyamaza. Bibi hakuwa akimtazama Tihomir. Alikuwa akimtazama Nevyana.

"Aliponunua hukujua," alisema. "Uliponilisha supu ulijua?"

Nevyana angeweza kusema kwamba alikuwa anashuku tu. "Nilijua," alisema. "Niliyaona matone dirishani."

"Ukaniambia nimesikia vibaya."

"Ndiyo."

Bibi Rayna alisema bila kupandisha sauti, na wa ghorofa ya tatu walilazimika kuinama ili wasikie.

"Tangu siku ile, kila nikiamka nataja jina la mama yangu kuona kama bado ninalo. Halafu la marehemu mume wangu. Halafu mitaa, kuanzia hapa mpaka darajani. Nikikwama nalia. Mikono si kitu, mikono itapona. Lakini wewe ulinitazama usoni, ukaninyang'anya akili yangu, ukanipa kijiko kingine."

Akamgeukia mwanawe. "Valentin, rudisha vitu vyangu juu."

"Mama, chumba hakikaliki."

"Nitalala jikoni. Nilizaliwa jikoni."

Tihomir alikuwa ameshainua kiti. Nevyana alitoka mlangoni na kunyoosha mkono auchukue mkoba kutoka kwa Valentin, ili naye abebe kitu, na bibi akasema, "Wewe acha." Akashika njia ya kupanda, kiwiko kikiegemea ukuta kwa vile mikono haikuweza kushika reli, akipumzika kila kituo, na majirani walisogea ndani ya milango yao kumpisha, hakuna aliyethubutu kumwambia pole.

Siku zilizofuata hawakuhitaji kugonga milango tena. Habari ilifika kabla yao. Walitaka kwenda wenyewe kusema ukweli, na walikwenda, lakini kila nyumba walikuta umekwisha kuingia na kukaa. Wengine waliwasikiliza mlangoni. Wengine waliacha kofia zao, hata zile mpya zenye bitana nzuri, kwenye mifuko chini ya masanduku ya barua, bila karatasi, bila jina. Mama yule wa chumba chenye ndege alimsikiliza Nevyana mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama yeye ana watoto, na alipojibiwa kwamba anaye mmoja, akafunga mlango. Mwalimu Zlatka hakudai jamu yake, lakini alidai gudulia.

Genadi aliitisha mkutano mwingine, safari hii mfupi. Watu wale wale waliokuwa wakimtaka bibi aondoke walisema kwamba tangu mwanzo waliona kuna jambo. Hakuna aliyepanda ghorofa ya nne kumwomba radhi. Walimpelekea unga na mafuta, wakaacha mlangoni.

Tihomir alipata kazi ya usiku kwenye maegesho ya malori, na mchana alikuwa juu kwa Bibi Rayna. Alikwangua masizi, akapiga chokaa, akavuta waya mpya, akamtundikia taa ya kioo cheupe kama maziwa iliyo karibu na dari, mbali na kila kitu. Bibi alimsimamia akiwa amekaa kwenye kiti chake cha kuegemea, akimwonyesha kila doa alilolipita. Wiki za kwanza alimwita "wewe." Kufikia Kwaresima alimwita jina, na siku moja Nevyana, akiwa anapanga viatu kwenye ngazi, alisikia vicheko vikishuka kutoka ghorofa ya nne: cha bibi na cha mumewe. Alibaki ameinama na kiatu mkononi.

Hakuona kwamba anaonewa. Tihomir alikuwa amefanya kosa kubwa zaidi, kosa la kuua watu, lakini alilifanya akiwa mbali, nyuma ya soko, bila uso wa mtu mbele yake. Bibi aliweza kumkasirikia, kisha akamaliza. Kwa Nevyana hasira haikuwa na pa kushika. Wakikutana ngazini bibi aliutazama ukuta, na Nevyana aliegemea pembeni kumpisha, akishusha macho kwenye ile mikono, ambayo bendeji zilikuwa zimetoka na ngozi mpya ilikuwa ya waridi, nyororo, inayong'aa, kama ya mtu mwingine.

Oda chache zilianza kurudi, za watu wa vijiji vya mbali wasiojua habari. Nevyana aliwaambia yote kabla hawajalipa. Kila kofia aliifungia kipande cha bitana yake kwa uzi, na kumwomba mteja akakichome mwenyewe nyumbani kabla ya kuwasha taa. Wengine walighairi palepale. Gergana alikwenda kwenye sherehe yake na gauni la binamu yake, lililobanwa kwa pini kiunoni, akacheza mpaka pini zikafunguka.

Jumapili ya Pasaka, Tihomir alishuka kutoka juu na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Aliiweka mezani bila kumtazama mkewe. Ndani yake kulikuwa na mkate mtamu wa sikukuu, vipande viwili, na mayai mawili mekundu.

"Amesema nini?" Nevyana aliuliza.

"Amesema ni yangu na ya mtoto."

Gergana alisukuma kipande chake katikati ya meza ili wagawane watatu. Nevyana alikirudisha mbele yake. Alimwambia ale, na akawatazama wakila, na akasema kwamba unanukia vizuri, ana mkono mwepesi bibi yule, hata baada ya yote.

Walipomaliza aliiosha sahani na kuikausha. Sahani ya jirani hairudi tupu. Alitoa kwenye oveni mkate wake wa jibini, akakata kipande cha kati, pale panapoiva vizuri bila kuungua pembe, akakipanga. Tihomir alinyoosha mkono aipokee, ndiye aliyekuwa mtu wa kupanda na kushuka. Nevyana alitikisa kichwa, akavua aproni, akapanda mwenyewe.

Aligonga.

Miguu ilisogea ndani, ikasimama nyuma ya mlango. "Nani?"

"Nevyana, bibi. Wa chini. Nimeleta sahani."

Taa ya ngazi, ambayo hujizima yenyewe, ikazimika, na hakunyoosha mkono kuiwasha.

"Weka chini," sauti ilisema.

Aliweka sahani kwenye mkeka wa mlangoni, akaigeuza ili kipande kimwelekee atakayefungua. Akashuka gizani akishika ukuta. Alipofika mlangoni kwake hakuingia. Alisimama mkono ukiwa juu ya kitasa, akisikiliza, mpaka aliposikia kule juu kufuli likizungushwa, kisha sahani ikikwaruza sakafu, kisha mlango ukifungwa tena. Ndipo akaingia.